Mshenga Aliyekataa Kiti

CASTORY: Haloo... nani mwenzangu?

NEHEMIA: Mimi.

CASTORY: Mimi nani? Tanga hii mimi ni wengi.

NEHEMIA: Nehemia, bwana! Simu ni ya Ibrahimu, yule jirani wa bajaji. Mbona unanong'ona?

CASTORY: Aah, bwana harusi mtarajiwa! Hujambo? Umekula? Umelala? Nasikia sauti yako imekonda.

NEHEMIA: Sijambo. Castory, suti iko salama?

CASTORY: Jamani, msikilizeni huyu. Mtu kamtuma mshenga ampelekee barua ya posa, mshenga kavuka mto wa Pangani, kafika Bweni nyumbani kwa mzee Tadeo, na swali la kwanza ni suti. Hujauliza Devota yupo au kasafiri. Hujauliza mama yako mdogo Beatrisi kafika au tumemsahau kwenye kivuko.

NEHEMIA: Nitauliza vyote. Naanza na suti kwa sababu ndiyo inayoharibika haraka.

CASTORY: Suti imenikaa kama nimezaliwa nayo. Na leo nakubali, hukukosea. Kitani ni kitani. Mwezi wa pili huu, watu hapa wanajipepea na vifuniko vya sufuria, mimi kwapa kavu kama biskuti. Upepo wa mtoni unaingilia mkononi, unanizunguka mgongo mzima, unatokea kwenye kola.

NEHEMIA: Nilikwambia! Bitana ni nusu. Mgongoni nilimkataza fundi asitie kitu. Na mabegani hakuna sponji.

CASTORY: Nakumbuka. Hata dukani nilikuwepo, ulivyokipuliza kile kitambaa kama chai ya moto, mpaka mwenye duka akadhani una pumu.

NEHEMIA: Nilikuwa napima kama kinapitisha hewa.

CASTORY: Na ile sufu ya kijivu? Ulivaa koti ukaenda kusimama nalo juani katikati ya barabara. Wauza machungwa wakaanza kukuhurumia.

NEHEMIA: Ndipo nilipojua. Yule mhasibu wa Muheza aliyemtaka Devota aliponzwa na nini? Suti! Mshenga wake kaja na suti nzito nyeusi, jasho linamchuruzika mpaka kwenye bahasha. Mzee Tadeo akamwangalia, akasema mtu anayetoka jasho namna hii kuna kitu amekificha. Barua haikufunguliwa. Devota mwenyewe aliniambia.

CASTORY: Basi mimi leo nitaonekana mkweli kuwapita mapadri.

NEHEMIA: Lakini hujakaa?

CASTORY: Sijakaa.

NEHEMIA: Hata kidogo?

CASTORY: Wewe! Tangu nivae hii suti chumbani kwako Raskazone, makalio yangu hayajagusa kitu. Kwenye kenta ya soda tuliyopewa lifti, mama mdogo alikaa mbele na dereva, mimi nyuma, wima, nimeshika bomba, nimejifunga kanga yake kuzuia vumbi. Tulipopita Kigombe watu wakadhani mimi mgombea. Wakashangilia. Nikawapungia.

NEHEMIA: Na kwenye kivuko?

CASTORY: Wima. Mzee mmoja kanipisha kwenye benchi, nikamwambia mgongo unaniuma.

NEHEMIA: Safi sana. Kitani ukikikalia mara moja tu, nyuma kinajikunja kama karatasi ya maandazi. Na mzee Tadeo alikuwa nyapara wa mkonge, yule hakuangalii usoni, anakukagua. Tayari hanitaki kwa sababu mimi Mlutheri wa milimani. Sitaki apate sababu nyingine.

CASTORY: Ndiyo maana ukamtafuta Mkatoliki mwenye mke na watoto akusemee. Ukanipa na masharti: usikae, usitanie.

NEHEMIA: Na hujatania?

CASTORY: Neno hata moja. Nimeukausha uso mpaka mashavu yanauma. Kaka, kuna jogoo hapa anatembea kama mwenyekiti wa kamati ya harusi, kila nikimtazama utani unanipanda kooni, naumeza. Nimeumeza mzima mzima. Nitaharisha.

NEHEMIA: Vumilia. Haya, barua wameipokea? Haloo? Castory?

CASTORY: Nipo. Mtandao unakwaruza.

NEHEMIA: Haukwaruzi. Barua wameipokea?

CASTORY: ...Bado.

NEHEMIA: Bado? Mmefika saa ngapi?

CASTORY: Mchana. Mchana kabisa.

NEHEMIA: Na sasa hivi huku watu wametoka kuswali alasiri! Castory, wamekataa. Sema tu. Wamekataa?

CASTORY: Hawajakataa. Hawajakubali. Hawajaulizwa. Ndiyo maana nimejibanza huku nyuma ya jiko nanong'ona. Kaka, hapa kuna jambo silielewi.

NEHEMIA: Jambo gani? — Ibrahimu, dakika moja tu, abiria asubiri — jambo gani?

CASTORY: Nikueleze tangu mwanzo?

NEHEMIA: Tangu mwanzo, ila upesi.

CASTORY: Tumefika. Mzee yuko barazani, redio inasema mpira, dafu mkononi, raha mustarehe. Shikamoo mzee. Marahaba, karibuni, karibu kiti. Nikasema asante mzee, nitasimama.

NEHEMIA: Sawa.

CASTORY: Akasema kaa mwanangu, mmetoka mbali. Akaagiza stuli. Nikaikataa. Akaagiza lile kochi la ndani, lenye vitambaa vya kufuma. Likatolewa na watu wawili. Nikalikataa.

NEHEMIA: Ulilikataaje?

CASTORY: Kwa heshima. Nikasema, "Mzee, kwa hili nililokuja nalo siwezi kukaa."

NEHEMIA: ...Ulisema hivyo?

CASTORY: Ulitaka nimwambie nini, kwamba nalinda pasi?

NEHEMIA: Halafu?

CASTORY: Akazima redio.

NEHEMIA: Kwa nini?

CASTORY: Nikadhani ni heshima kwa suti. Akaweka dafu chini. Akauliza, "Ni habari ya nani?" Nikasema ya Nehemia. Akauliza, "Nehemia ana nini?" Nikamwambia, "Mzee, barua ninayo hapa kifuani, lakini haifai nikueleze peke yako. Waitwe wakubwa." Si ndivyo ulivyonifundisha?

NEHEMIA: Ndivyo. Barua haitolewi mpaka wajomba wawepo.

CASTORY: Basi. Nikanyamaza. Nimesimama, uso mkavu, mikono mbele kama niko gwaride.

NEHEMIA: Na Devota?

CASTORY: Devota alichungulia mlangoni. Akaniona. Sasa wewe fikiria, mimi huyu, ambaye tangu anijue hajawahi kuniona nimefunga mdomo. Akaniuliza, "Castory, kuna nini?" Nikaangalia chini.

NEHEMIA: Ukaangalia chini kwa nini?

CASTORY: Ningemwangalia ningecheka!

NEHEMIA: Halafu?

CASTORY: Akaingia ndani. Nikamsikia anapiga simu. Anakata, anapiga. Anakata, anapiga. Hivi wewe mbona hupokei simu ya mchumba wako?

NEHEMIA: Simu yangu imo kwenye mchele.

CASTORY: Imo wapi?

NEHEMIA: Kwenye mchele! Imetumbukia kwenye beseni asubuhi nikiloweka shati. Nimeifukia kwenye mchele inyonywe maji. Kwa nini unadhani natumia ya Ibrahimu?

CASTORY: Basi kwake ulikuwa hupatikani.

NEHEMIA: Nilikuwa sipatikani, ndiyo. Endelea.

CASTORY: Watu wakaanza kuja. Wajomba wamekuja, sawa, hao niliwaita. Lakini mwenyekiti wa kitongoji naye kaja. Kaja Bi Mwanamkasi wa nyumba ya jirani, kanga kajitanda mpaka usoni. Katekista naye kaja, tena na kitabu cha sala. Nikajisemea, hawa watu wa Bweni wanapenda posa jamani.

NEHEMIA: Posa na katekista?

CASTORY: Na mabenchi yametolewa nje. Wanaume wamekaa kimya. Kila anayefika ananijia, ananishika mkono kwa mikono yake miwili, anautikisa taratibu, hasemi kitu, anakwenda kukaa. Nikasema labda ni suti inawatisha.

NEHEMIA: Chai mmepewa?

CASTORY: Chai hakuna. Moto upo, mkubwa tu, wameinjika sufuria lile la shughuli.

NEHEMIA: Mama mdogo yuko wapi? Yeye anasemaje?

CASTORY: Yuko ndani na wanawake. Analia.

NEHEMIA: Analia nini?

CASTORY: Nilimwuliza dirishani. Akasema hajui, amewakuta wenzake wanalia.

NEHEMIA: Wanawake wanalia?!

CASTORY: Si kawaida yao? Binti akiposwa mama hulia, anaona nyumba inapungua —

NEHEMIA: Castory, barua hujaitoa! Wamejuaje kama ni posa?

CASTORY: Si uliwaarifu?

NEHEMIA: Tuliwaarifu kuwa ni Jumamosi ijayo! Mimi ndiye nimeiwahisha siku, jana, niliposikia yule mhasibu anarudi kesho na mshenga mwingine. Nilitaka nimwambie Devota asubuhi. Simu ikaingia kwenye beseni na namba yake, Ibrahimu ana yako tu.

CASTORY: Kwa hiyo hakuna anayejua tumefuata nini hapa.

NEHEMIA: Hakuna.

CASTORY: Nehemia.

NEHEMIA: Nini?

CASTORY: Kuna vijana wawili wanapita hapa mbele yangu. Wamebeba turubai.

NEHEMIA: Turubai la nini?

CASTORY: Ngoja. Oya, vijana! Samahani, hilo turubai la nini?... Eh?... Haya. Haya, asanteni... Kaka.

NEHEMIA: Wamesemaje?

CASTORY: Wameniambia kaka usihangaike, wewe umeshafanya yako, nenda ukapumzike, sisi tutafunga.

NEHEMIA: Mungu wangu. Castory, nisikilize. Mtu akifika kwenye nyumba ya watu bila taarifa, akapewa kiti akakataa, akapewa kochi akakataa, akasema waitwe wakubwa. Ameleta nini?

CASTORY: Usiniulize.

NEHEMIA: Ameleta nini?

CASTORY: ...Msiba.

NEHEMIA: Na wewe umesimama tangu mchana.

CASTORY: Nimesimama.

NEHEMIA: Ukawaambia ni habari ya Nehemia.

CASTORY: Nimewaambia. Basi, usiendelee.

NEHEMIA: Umeniua! Umevuka mto na suti yangu ukaenda kuniua ukweni!

CASTORY: Nani? Mimi? Nani alinikataza kukaa? Nani alisema usicheke? Ningeingia nikakaa, nikamtania mzee na dafu lake, saa hizi tunakula wali! Umeniweka pale kama mti wa bendera halafu —

NEHEMIA: Ibrahimu, subiri bwana, nimekufa huku, subiri! — Castory, mama mdogo amewaambia nini?

CASTORY: Hajasema. Ila sasa nakumbuka... Devota alimwuliza, "Mama, ni Nehemia?" Nilimsikia.

NEHEMIA: Akajibu?

CASTORY: Akaangua kilio.

NEHEMIA: Kwa nini?!

CASTORY: Wewe si unamjua mama yako mdogo? Yule analia hata kwenye ubatizo. Kaona binti ana machozi, kamkumbatia, wakalia wote.

NEHEMIA: Imekwisha. Imekwisha kabisa. Mzee Tadeo hatanisamehe. Kesho mhasibu atakuja hata na koti la mvua, atapokelewa kwa vigelegele.

CASTORY: Sasa nifanyeje? Niende mbele ya watu wote wale niseme jamani samahanini, hajafa, ni kitani?

NEHEMIA: Usiseme hivyo.

CASTORY: Au nikimbie. Nikifika kivukoni —

NEHEMIA: Ukimbie na suti yangu? Watasema muuaji. Tulia. Mchungulie mzee. Anafanya nini?

CASTORY: Ngoja nisogee kwenye kona... Yupo. Amekaa na katekista.

NEHEMIA: Amekasirika?

CASTORY: Ngoja, kofia imemziba uso.

NEHEMIA: Castory, amekasirika?

CASTORY: Analia.

NEHEMIA: Nani?

CASTORY: Mzee Tadeo. Anafuta macho kwa kofia.

NEHEMIA: Mzee Tadeo huyu huyu? Aliyesema nitaoa kwake siku mkonge utakapozaa nazi?

CASTORY: Huyo huyo. Kofia imelowa.

NEHEMIA: Lakini... subiri. Hata kama nimekufa, msiba ungekuwa kwetu. Si ndiyo? Ungekuwa Raskazone, au wangenipandisha Lushoto. Wao turubai wanalifungia nini?

CASTORY: Labda jua kali.

NEHEMIA: Acha utani! Mtu baki ukisikia kafa, unasema masikini, unapanga nauli ya kwenda kuzika. Humfungii turubai uani kwako.

CASTORY: Kweli bwana. Mbona wamefunga?

NEHEMIA: Ndiyo nakuuliza wewe, uko huko! Sikiliza anasema nini.

CASTORY: Anamwambia katekista... ngoja, wanawake wanapiga kelele... anasema —

(mtandao unakwaruza)

NEHEMIA: Anasema nini? Haloo? Castory! Haloo!

CASTORY: — safi kabisa.

NEHEMIA: Nini safi? Nimekupoteza!

CASTORY: Anasema, "Mkwe wangu alikuwa kijana safi kabisa."

NEHEMIA: Rudia.

CASTORY: Mkwe wangu alikuwa kijana safi kabisa.

NEHEMIA: Amesema nani wake?

CASTORY: Mkwe. Kaka, kalitamka kwa mdomo wake, wajomba wakaitikia kwa vichwa. Anamwambia mwenyekiti alikuwa anakupima tu, anataka aone utashikilia au utakata tamaa kama wenzio.

NEHEMIA: Ananipima? Muda wote huo ananipima?

CASTORY: Na sasa anasema amechelewa.

NEHEMIA: ...Castory, usiseme kitu kwanza.

CASTORY: Nisiseme?

NEHEMIA: Dakika mbili tu. Niache nife kidogo. Msikilize anasema nini kingine.

CASTORY: Wewe huna akili! Mbuzi anaburutwa huku!

NEHEMIA: Mbuzi tena?

CASTORY: Beberu, ana ndevu kama babu yangu. Kaka, nikaingie nikakae. Nikae tu, mbele yao, wataelewa.

NEHEMIA: Ukikaa sasa hivi bila kusema watadhani umechoka kwa huzuni. Na Devota? Devota anafanya nini?

CASTORY: Simsikii. Wenzake wanalia yeye simsikii.

NEHEMIA: Angalia dirishani.

CASTORY: Kuna wanawake...

NEHEMIA: Angalia, bwana!

CASTORY: Nimemwona. Amekaa sakafuni, ameegemea ukuta. Halii. Ana simu sikioni. Anaitoa, anaiangalia, anaibonyeza, anairudisha sikioni.

NEHEMIA: Mpe simu.

CASTORY: Ulisema dakika mbili.

NEHEMIA: Mpe simu sasa hivi, Castory. Pitisha dirishani. Usimweleze kitu, mpe tu.

CASTORY: Devota! Psss! Devota, chukua. Chukua hii, siyo hiyo yako. Weka sikioni.

NEHEMIA: Devota?

DEVOTA: Nani?

NEHEMIA: Mimi.

(kimya ndefu)

DEVOTA: Uko wapi?

NEHEMIA: Nyumbani. Raskazone. Mzima.

DEVOTA: Mzima kabisa?

NEHEMIA: Kabisa. Nimevaa msuli, Ibrahimu ananikasirikia, simu yangu imeingia maji nimeiweka kwenye mchele. Sina hata mafua.

DEVOTA: Na Castory... kwa nini alisimama vile?

NEHEMIA: Anatunza suti. Nilimkataza kukaa. Kitani kinajikunja.

DEVOTA: Nehemia.

NEHEMIA: Naam.

DEVOTA: Nitakuua.

NEHEMIA: Najua.

DEVOTA: Yule mwanamke wa kwenye simu anayesema namba haipatikani nimemtukana matusi ambayo sijui niliyajulia wapi. Mama kanisikia. Katekista kanisikia.

NEHEMIA: Nisamehe. Nilitaka leo barua iwahi kabla ya —

DEVOTA: Nimemwambia baba mambo.

NEHEMIA: Mambo gani?

DEVOTA: Mambo. Ambayo sikuwa nimemwambia. Nilijua hayana kazi tena, nikamwambia yote.

NEHEMIA: Yote yapi? Devota, yote yapi? Mpaka lile la —

DEVOTA: Anakuja. Ameona nimesimama. Usimwambie kama umecheka.

NEHEMIA: Sijacheka! Devota, nimwambie nini? Devota!

MZEE TADEO: Haloo.

NEHEMIA: Shikamoo baba.

(kimya)

NEHEMIA: Shikamoo baba.

MZEE TADEO: Nimekusikia. Nafikiria kama niitikie.

NEHEMIA: Ndiyo baba.

MZEE TADEO: Marahaba. Unaumwa?

NEHEMIA: Hapana, baba.

MZEE TADEO: Hujaanguka? Hujagongwa?

NEHEMIA: Hapana. Niko salama kabisa, baba.

MZEE TADEO: Sasa huyu mtu wako ana ugonjwa gani wa kutokukaa?

NEHEMIA: Ni suti, baba. Ni ya kitani, nyepesi, ya joto. Nilisikia kwamba hupendi mshenga anayetoka jasho. Lakini ukiikalia inajikunja, basi nikamwambia asikae mpaka... mpaka barua ipokelewe. Baba?

MZEE TADEO: Nipo. Naiangalia hiyo suti. Kajificha nayo nyuma ya mpapai, anadhani simwoni.

NEHEMIA: Naomba radhi, baba.

MZEE TADEO: Unaomba radhi kwa kuwa hai?

NEHEMIA: Hapana... ndiyo... sijui, baba.

MZEE TADEO: Mimi nilisimama hapa barazani nikawaambia shemeji zangu mkwe wangu amefariki. Nimesema mkwe. Mwenyekiti yupo, katekista yupo, Bi Mwanamkasi kafunga genge lake kaja. Mbuzi yuko chini, kisu kimeshapita. Sasa wewe niambie, unataka niwageukie niseme yule siyo mkwe, ni kijana fulani tu wa Tanga?

NEHEMIA: Sitaki, baba.

MZEE TADEO: Hata mimi sitaki kuonekana nilimlilia mtu nisiyemjua.

NEHEMIA: Kwa hiyo, baba, ile barua —

MZEE TADEO: Barua ninayo, mtu wako kanisukumia mkononi nilipokuwa nakuja kwenye simu. Siwezi kuisoma mbele ya watu waliokuja kuzika. Kwanza wakuone. Hakuna anayetoka hapa kabla hajakuona kwa macho, na mimi wa kwanza.

NEHEMIA: Nije leo?

MZEE TADEO: Sasa hivi. Kivuko nitawaambia wakungoje.

NEHEMIA: Na kesho, baba? Nilisikia kesho kuna wageni kutoka Muheza...

MZEE TADEO: Kesho hapa kuna shughuli. Nimeshamtuma mtu awaambie wasije.

NEHEMIA: Shughuli gani, baba?

MZEE TADEO: Wewe Mlutheri unapenda maswali. Njoo.

NEHEMIA: Nakuja. Nakuja, baba, ila... suti ninayo moja ya maana na ndiyo hiyo anayo Castory. Nivae nini?

MZEE TADEO: Vaa chochote, mradi unapumua. Sasa ngoja, mama yako huyu hapa haniamini, anasema nimechanganyikiwa kwa majonzi. Anataka akusikie mwenyewe. Chukua, mama Devota, ongea na mwan—

(mlio wa kukatika)

NEHEMIA: Shikamoo mama! Haloo? Mama, ni mimi, Nehemia, shikamoo! Haloo? Haloo!... Ibrahimu, salio lako limekwisha. Usinitolee macho, washa bajaji, tunakwenda Pangani. Ndiyo, na msuli huu huu. Washa, bwana, kule kuna mama analia!